Seva ya nyumbani

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayowekwa nyumbani, shuleni au katika ofisi ndogo ili kuhudumia kompyuta na simu nyingine zilizo karibu nayo. Mara nyingi huwashwa mchana na usiku, haina kioo wala kibodi, na huendeshwa na mfumo wa Linux. Kazi zake ni kama kutunza mafaili na picha, kusambaza vitabu na video kwa watumiaji wa jengo moja, kuhifadhi kazi za waandishi wa programu, au kutunza kumbukumbu za kikundi.

Makala hii inaeleza jinsi seva ya namna hiyo inavyofanya kazi, ikichukua mfano wa mji wa Mtwara na pwani iliyo karibu na maingilio ya mto Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Mazingira ya huko yanaonyesha wazi jambo ambalo vitabu vingi vya kompyuta havilitaji: programu nyingi huandikwa kwa kudhani kwamba umeme na intaneti vipo muda wote. Pale visipokuwepo muda wote, seva ya nyumbani ina faida kubwa zaidi, na vilevile huharibika kwa urahisi zaidi.

## Maana na matumizi

Neno *seva* lina maana ya mhudumu. Kompyuta inakuwa seva kwa sababu ya kazi inayofanya, wala si kwa sababu ya ukubwa wake. Kompyuta ya zamani ya mezani, kompyuta mpakato yenye kioo kilichovunjika, au kibao kidogo kama Raspberry Pi, vyote vinaweza kuwa seva.

Seva huunganishwa na ruta, yaani kifaa kinachogawa mtandao ndani ya nyumba kwa waya au kwa Wi-Fi. Ni muhimu kutofautisha mambo mawili hapa. Mtandao wa ndani ni mawasiliano kati ya vifaa vya jengo moja. Intaneti ni mawasiliano na dunia ya nje. Bando likiisha au mnara wa simu ukizimika, intaneti hukatika lakini mtandao wa ndani huendelea kufanya kazi. Mwanafunzi aliye darasani anaweza kusoma kitabu kilichomo ndani ya seva bila kutumia hata senti moja ya bando.

Programu zinazotumika sana katika seva za aina hii ni pamoja na:

* Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992, ambayo huwezesha kompyuta za Windows kufungua mafaili yaliyomo katika seva ya Linux.
* Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ambayo husambaza Wikipedia na maktaba nyingine bila intaneti. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha huchukua zaidi ya gigabaiti 100. Ile ya Kiswahili huchukua sehemu ndogo sana ya kiasi hicho na inatosha katika kadi ndogo ya kumbukumbu.
* Moodle na Kolibri, ambazo hutumika kupanga masomo na mazoezi ya wanafunzi.
* Nextcloud, iliyoanza mwaka 2016, kwa ajili ya kutunza mafaili, kalenda na picha za familia.
* Git, iliyotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo hutunza historia ya kila badiliko katika msimbo wa programu.

## Mazingira ya pwani ya Mtwara

Mtwara iko kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. Kusini-mashariki mwa mji kuna rasi ya Msimbati na Ghuba ya Mnazi, kisha maingilio ya Ruvuma, eneo ambalo tangu mwaka 2000 limo ndani ya hifadhi ya bahari yenye kilomita za mraba 650 hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara kwa barabara ni kilomita 560 hivi.

Umbali huo una athari kwa kompyuta. Kipuri kisichopatikana mjini huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi au lori. Kwa upande wa intaneti, mawasiliano ya Tanzania na nchi za nje hutegemea kwa sehemu kubwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zikiwemo SEACOM, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy, iliyoanza kazi mwaka 2010.

Mwezi Mei 2024 ulionyesha udhaifu wa njia zote mbili. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, na mvua zake zilikata barabara ya kusini katika wilaya ya Kilwa, hivyo magari ya Lindi na Mtwara yakakwama. Tarehe 12 Mei nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mtu aliyekuwa ametunza kazi zake zote katika seva za nje ya nchi alikuwa nazo kwa jina tu. Aliyekuwa na nakala ndani ya nyumba aliendelea kuzifungua kila umeme ulipokuwepo.

## Mashine na gharama ya umeme

Swali la kwanza kwa anayetaka seva ni umeme kiasi gani itatumia, kwa sababu haizimwi. Hesabu yake ni rahisi: wati mara saa, gawanya kwa 1,000, jibu ni uniti za LUKU.

* Kompyuta ya mezani inayotumia wati 60: 60 × 24 ÷ 1,000 = uniti 1.44 kwa siku, sawa na uniti 43 hivi kwa siku 30.
* Kompyuta mpakato inayotumia wati 15: uniti 0.36 kwa siku, sawa na uniti 10.8 kwa siku 30.
* Kibao cha Raspberry Pi kinachotumia wati 5: uniti 0.12 kwa siku, sawa na uniti 3.6 kwa siku 30.

Kwa familia iliyo katika kundi la D1 la TANESCO, yaani wateja wa majumbani wenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, kompyuta ya mezani peke yake inakula zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Inawezekana ikaitoa familia katika kundi la bei nafuu. Kompyuta iliyopatikana bure, kwa hiyo, inaweza kuwa ghali kuliko kibao kilichonunuliwa.

Kompyuta mpakato ya zamani ina sifa nyingine: betri yake. Hata ikiwa imechoka na kudumu dakika 20 tu, betri hiyo inatosha kuivusha seva katika umeme unaokatika na kurudi, au kuipa muda wa kujizima kwa utaratibu.

Hewa ya bahari nayo ina gharama. Unyevu na chumvi huozesha vyuma, hasa miguu ya soketi, skrubu na feni. Kompyuta iliyo karibu na dirisha linalopokea upepo wa kusi hupata kutu mapema kuliko iliyo katika chumba cha ndani. Kuifunika kwa nailoni si suluhisho, kwa sababu joto hukosa pa kutokea. Mahali pazuri ni juu ya meza au rafu, mbali na sakafu na dirisha, penye hewa inayopita polepole, na vumbi lifutwe kwa brashi kavu mara kwa mara. Vifaa visivyo na feni hudumu zaidi kwa sababu havivuti hewa ya chumvi ndani.

Vibao vidogo kwa kawaida huendeshwa kutoka kadi ya kumbukumbu kama ile ya simu. Kadi hizo huchoka zinapoandikwa mara nyingi, na huharibika upesi umeme unapokatika katikati ya uandishi. Ni bora kadi ibebe mfumo tu, na mafaili muhimu yakae katika diski ya SSD.

## Mfumo wa Linux

Linux ilitangazwa na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, tarehe 25 Agosti 1991. Kwa usahihi Linux ni kerneli, yaani kiini kinachounganisha programu na mashine. Kiini hicho huambatana na zana nyingine, nyingi zikitokana na mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, na mkusanyiko mzima huitwa *distro*. Ni programu huria: yeyote anaweza kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa bila kulipia leseni.

Distro zinazotumika sana katika seva ni Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina *ubuntu* linatoka katika lugha za Kinguni na ni ndugu wa neno *utu* la Kiswahili.

Kwa seva iliyo mbali na intaneti ya uhakika, kigezo kikubwa cha kuchagua distro ni muda wa matunzo. Ubuntu ya aina ya LTS hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka 5, na Debian vilevile hufikia miaka 5 hivi kwa msaada wa watu wa kujitolea. Distro inayobadilika kila wiki inafaa kwa mwenye intaneti ya kasi isiyo na kikomo.

Kompyuta za zamani sana zina tatizo la pekee. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haisakinishwi tena katika mashine za biti 32. Kabla ya kupokea msaada wa kompyuta zilizotumika, shule inafanya vizuri ikiuliza kama ni za biti 64.

Kuhusu lugha, mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilionyesha kwamba istilahi zinaweza kupatikana. Hata hivyo seva husimamiwa kwa kuandika amri, na ujumbe wa makosa karibu wote uko kwa Kiingereza. Kwa anayejifunza, ni msaada mkubwa kuwa na daftari lenye maana za ujumbe unaojitokeza mara nyingi: huna ruhusa, faili halipo, diski imejaa, muunganisho umekataliwa. Makosa mengi ya kila siku ni mojawapo ya hayo manne.

## Umeme unapokatika

Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi haikuwa katika gridi ya Taifa. Umeme wake ulitoka katika mitambo ya mjini Mtwara inayotumia gesi asilia ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982. Katika mfumo mdogo wa namna hiyo, mtambo mmoja ukizimika, mji mzima huhisi mara moja. Kuna pia kukatika kwa kawaida: nguzo iliyoanguka, mvua, matengenezo, au uniti za LUKU kuisha usiku wakati watu wamelala.

Kukatika kwa umeme huharibu kwa njia tatu. Ya kwanza ni data iliyokuwa bado haijafika kwenye diski. Linux huweka uandishi mwingi kwanza katika kumbukumbu ya muda na kuuhamishia kwenye diski baada ya sekunde kadhaa. Umeme ukikatika hapo, kilichokuwa njiani hupotea. Mifumo ya mafaili kama ext4 huweka shajara ya mabadiliko ili mpangilio wa diski usivurugike, lakini shajara hiyo hailindi maudhui yote ya faili lililokuwa likiandikwa. Ya pili ni umeme unaporudi kwa kishindo na kuunguza kisambaza umeme cha kompyuta. Stebilaiza husaidia hapa. Ya tatu ni seva kubaki imezimika baada ya umeme kurudi, hadi mtu aje kuibonyeza. Kompyuta nyingi za mezani zina mpangilio katika menyu ya kuwashia unaoiamuru mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi.

Kifaa cha UPS huipa seva dakika chache. Faida yake inakamilika pale kinapounganishwa na seva kwa waya wa USB, ili programu ndogo iizime seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha. UPS isiyounganishwa huahirisha tu kuzimika kwa ghafla. Wengine hutumia betri na paneli ya sola. Kibao cha wati 5 hutumia wati-saa 120 tu kwa siku, kiasi ambacho paneli ndogo ya nyumbani inaweza kukifikia siku za jua.

## Saa ya seva

Matatizo mengi yasiyoeleweka huanzia kwenye saa. Vibao vya Raspberry Pi vya kabla ya toleo la 5 havina saa ya ndani inayoendelea mashine ikizimwa. Kompyuta za mezani zinayo, lakini hutegemea betri ndogo ya mviringo aina ya CR2032, ambayo katika mashine za zamani mara nyingi imekwisha. Seva ya namna hiyo ikiwaka bila intaneti, huamini kwamba bado ni wakati ilipozimwa, au hata miaka mingi nyuma.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Tovuti salama hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vinaonekana havijaanza kutumika. Usasishaji wa programu hukwama. Faili jipya huonekana la zamani, na nakala rudufu huliruka. Kubadili betri ya CR2032, au kuongeza kifaa kidogo cha saa kwenye kibao, huondoa siku nyingi za kuhangaika.

Msemaji wa Kiswahili ana mtego mwingine. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, wakati Waswahili huhesabu kuanzia jua kuchomoza au kuzama. Katika programu ya kupanga kazi iitwayo cron, namba 2 katika nafasi ya saa ni saa nane usiku. Anayetaka kazi ifanyike saa mbili usiku lazima aandike 20. Tena, seva nyingi zikisakinishwa hufuata saa ya dunia ya UTC, iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa 3. Hapo 20 itakuwa saa tano usiku. Dawa ni kuweka ukanda wa saa wa *Africa/Dar_es_Salaam* siku ya kwanza.

Karibu na Ruvuma kuna jambo la ziada. Msumbiji hufuata UTC+2, saa moja nyuma ya Tanzania. Simu iliyo karibu na mto inaweza kushika mnara wa ng'ambo na kujirudisha nyuma saa moja, na pia kutozwa gharama za kutumia mtandao wa nchi nyingine. Modemu ya seva iliyo maeneo hayo ifungwe kwa kampuni moja ya Tanzania, badala ya kuachwa ijichagulie mnara.

## Kuifikia seva kutoka mbali

Wengi hutarajia kwamba wakiwa na seva nyumbani wataifikia kutoka popote. Kwa mtandao wa simu hilo mara nyingi halifanyiki moja kwa moja. Anwani za intaneti za mfumo wa IPv4 ni chache. AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika likiwa na makao Mauritius, liliingia hatua ya mwisho ya mgao wake Januari 2020. Kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wateja hao wanaweza kutoka nje, lakini aliye nje hana njia ya kubisha hodi kwa mmoja wao.

Suluhisho la kawaida ni seva ya nyumbani kufungua yenyewe njia ya siri kwenda kwenye kompyuta nyingine yenye anwani ya wazi, kwa mfano kwa programu ya WireGuard, iliyoingizwa katika kerneli ya Linux mwaka 2020. Njia hiyo huhitaji malipo ya mwezi kwa kompyuta ya nje, na hukatika intaneti inapokatika. Kwa shule au familia ambayo watumiaji wake wote wamo ndani ya jengo, ni busara kuacha jambo hilo kabisa: seva isiyofikika kutoka nje ina maadui wachache.

## Kero za kutengeneza programu

Mwandishi wa programu wa leo huandika mistari michache yake na kuegemea maelfu ya mistari ya wengine. Vipande hivyo vya wengine huitwa vitegemezi, na hupakuliwa kutoka intaneti kila programu inapojengwa. Tarehe 22 Machi 2016 kitegemezi kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, kiliondolewa katika hazina ya npm, na maelfu ya miradi duniani ikashindwa kujengwa. Tukio hilo lilidumu saa chache. Kwa mwandishi aliye pwani ya Mtwara, hali kama hiyo huja kila mtandao unapolegea.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa kero. Gigabaiti 1 ni megabiti 8,000. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, kuipakua huchukua sekunde 4,000, yaani dakika 67 hivi, ikiwa haitakatika. Programu nyingi za kupakua vitegemezi zikikatizwa huanza upya, na bando lililotumika halirudi.

Njia zinazopunguza kero hizo ni hizi:

1. Ghala la vifurushi. Seva huweka nakala ya kila kifurushi kilichopakuliwa. Kompyuta ya pili ikikihitaji, hukipata ndani ya nyumba. Darasa lenye kompyuta 20 hupakua usasishaji mara moja badala ya mara 20.
2. Kufunga matoleo. Mradi huandika namba kamili za vitegemezi vyake na kuvihifadhi pamoja na msimbo, ili ujengeke mwakani kama ulivyojengeka leo.
3. Kujaribu bila intaneti. Kabla ya kuikabidhi programu, mwandishi huchomoa waya wa intaneti na kuitumia. Ukurasa unaochota herufi au ramani kutoka nje hujulikana papo hapo.
4. Kupakua usiku kwa programu zinazoweza kuendelea pale zilipoishia, kama wget na rsync.
5. Vitegemezi vichache. Kila kinachoongezwa ni mlango mmoja zaidi wa kuharibikia.

Kuna pia suala la kuamini. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba programu ya xz, iliyomo karibu katika kila distro ya Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Aliligundua hilo baada ya kuona kwamba kuingia kwa SSH kulichelewa kwa nusu sekunde hivi. Kwa miaka mingi xz ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyekuwa amechoka, na mdanganyifu akajitokeza kama msaidizi. Funzo lake linahusu hata seva ya shule: kitu kinachotegemewa na wengi hakifai kuachwa mikononi mwa mtu mmoja bila mwenzake.

## Nakala rudufu

Diski zote hufa. Lisilojulikana ni siku. Kanuni inayofuatwa na wengi ni nakala 3 za kila kitu muhimu, katika vifaa vya aina 2, na nakala 1 ikae mahali pengine. Seva ya nyumbani ni nakala moja tu. Mwizi, moto au mvua iliyovuja paa huchukua seva pamoja na diski ya nje iliyowekwa juu yake.

Kutuma nakala mtandaoni kunafaa kwa mafaili madogo. Kwa gigabaiti mia, diski inayosafiri kwa basi kwenda kwa ndugu au shule nyingine hufika mapema kuliko intaneti ya kasi ndogo, mradi ifungwe kwanza kwa nywila ili anayeiokota njiani asisome kilichomo. Nywila hiyo iandikwe na kutunzwa na watu wawili. Nakala iliyofungwa bila ufunguo ni sawa na kutokuwa nayo.

Jambo linalosahauliwa ni kujaribu kuirejesha. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Zoezi linalofaa ni kuchagua faili moja kila mwezi, kulirejesha katika kompyuta nyingine, na kulifungua.

## Usalama na sheria

Seva inayotunza majina, matokeo ya mitihani, namba za simu au madeni ya wanachama inatunza taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake hupokea malalamiko. Shule au chama cha msingi cha wakulima wa korosho kinachoweka orodha ya wanachama ndani ya seva kina wajibu kama taasisi kubwa: kukusanya kinachohitajika tu, kuzuia wasiohusika, na kufuta kisichohitajika tena.

Hatua za msingi ni chache: nywila tofauti kwa kila mtumiaji, usasishaji wa usalama, kuzima huduma zisizotumika, na chumba chenye kufuli.

## Mtunzaji

Seva nyingi ndogo huwekwa na mtu mmoja mwenye ari: mwalimu, kijana aliyerudi kutoka chuo, au mfanyakazi wa kujitolea. Anapohamishwa, seva hubaki ikiwaka mpaka siku itakapogoma, na hapo hakuna anayejua nywila wala mahali nakala zilipo. Kumbukumbu za miaka kadhaa hupotea bila diski yenyewe kuharibika.

Kinga yake ni karatasi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliochapishwa na kuwekwa katika faili la ofisi, unapaswa kueleza mambo haya: seva iko wapi, inafanya kazi gani, inawashwa na kuzimwaje, nakala rudufu ziko kwa nani, nywila zimetunzwa na nani, na nini kifanyike isipowaka. Kipimo cha ukurasa huo ni kumpa mtu ambaye hakuisakinisha seva hiyo na kumwacha aizime, aiwashe na kurejesha faili moja bila kuulizwa wala kusaidiwa. Akishindwa, ukurasa urekebishwe.

Si kila nyumba inahitaji seva. Kwa mtu mmoja mwenye picha na barua chache, diski mbili za nje zinazopokezana zinatosha na hazili umeme. Seva hufaa pale watumiaji ni wengi, mafaili ni makubwa au hutumika kila siku, na kuna angalau watu wawili walio tayari kuitunza.

## Tazama pia

* Linux
* Programu huria
* Kiwix
* Mtwara
* Ghuba ya Mnazi
* Ruvuma (mto)